Naomba ushauri: dada yangu ni kiziwi na barakoa zimemkatia mawasiliano

Hamjambo wanajamvi. Dada yangu ni kiziwi, tunaishi Likoni, Mombasa. Lugha ya ishara anaijua, lakini akitoka nje hutegemea kusoma midomo ya watu. Tangu barakoa ziwe lazima Aprili hii ya 2020 kwa sababu ya korona, kila uso umefunikwa. Muuza dawa akisema kitu, yeye huona macho tu. Akimwomba aishushe kidogo, anakatazwa, na simlaumu mtu, ugonjwa ni ugonjwa.

Juzi kliniki ndiyo iliyonichosha. Mlinzi kasema mgonjwa aingie peke yake. Nikamweleza mimi ndiye mkalimani wake, akanionyesha tangazo ukutani. Dada akatoka na bahasha ya vidonge, hajui ameze kabla ya chakula au baada. Nami najua Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kutumia lugha ya ishara. Lakini mlangoni, ukiwa na foleni nyuma yako, Katiba utamsomea nani?

Nilimpelekea fundi cherehani atushonee barakoa zenye dirisha la plastiki. Zinapendeza, ila ukizungumza dakika mbili plastiki inaingia ukungu, midomo haionekani tena.

Kuna aliyepata njia ya kuzuia ule ukungu bila kuhatarisha pumzi? Na wenye ndugu viziwi, mlifanyaje mkaruhusiwa kuingia nao kwa daktari? Barua inasaidia, na niiombe kwa nani? Kafyu nayo inanitia wasiwasi: askari akimwita dada usiku kwa nyuma, hatasikia.