Naomba ushauri: mikaratusi juu ya chemchemi Lushoto, tukate yote au kwa awamu?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Kuna chemchemi kwenye mteremko mkali huku Lushoto, milima ya Usambara. Msitu wa asili uliokuwa juu yake ulifyekwa kupisha viazi na kabichi, kisha ikapandwa mikaratusi ya nguzo na kuni. Miti ya karibu iko kama mita 15 tu kutoka kwenye jicho la maji, ilhali Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Kiangazi ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika nne. Masika maji ni mengi ila yana tope jekundu, maana mvua inatiririka juu juu badala ya kuzama ardhini.

Mashamba ya juu yameshapandwa majani ya guatemala (nyasi ndefu za malisho zinazoshika udongo) kwenye kontua, yaani mistari inayokata mteremko, na safu ya kwanza ya mikaratusi imekatwa. Shida ni visiki: vimechipua tena, kimoja kinatoa hata machipukizi kumi, na hayo nayo yanakunywa maji. Kuving'oa naogopa, udongo ukifumuliwa pale utaporomoka. Dawa ya magugu sitaki kabisa, maji haya yananywewa na watoto.

Naomba kujua:

1. Tukate safu kwa safu huku miti ya asili kama mikuyu na mishai ikikua katikati, au tuondoe yote mara moja?

2. Aliyeua visiki kwa kubandua gome hadi chini ya usawa wa udongo, machipukizi aliyaondoa kila baada ya muda gani mpaka kisiki kikafa?

Natanguliza shukrani.