Seva inasema diski imejaa, lakini nafasi ipo tele. Naombeni msaada

Dukani_Mza: Wakuu, habari za jioni. Nina seva ya Ubuntu inayoendesha mfumo wa mauzo wa duka la dawa la jumla. Tangu asubuhi MariaDB, yaani hifadhidata yake, imegoma kuwaka, logi inarudia: `Errcode: 28 "No space left on device"`. Nikipiga `df -h` naona diski ya GB 40 imetumika asilimia 61 tu. Nimezima na kuwasha seva, wapi! Wauzaji wanaandika risiti kwa mkono na foleni imefika mlangoni. Fundi aliyesimika mfumo hapatikani tena. Naogopa kupoteza data.

KijanaWaTabata: Mkuu, ingia `/var/lib/mysql`, futa `ib_logfile0`, washa upya. Mimi iliwahi kunisaidia.

Bi_Seva: Ndugu yangu, tafadhali usiliguse faili hilo! Humo kuna miamala ambayo huenda bado haijaandikwa kwenye majedwali. Ukilifuta wakati hifadhidata ilizimika vibaya, inaweza isiwake tena. MariaDB hapa haina kosa, hiyo 28 inapewa na keneli, kiini cha mfumo endeshi. Piga `df -i` utuletee majibu.

Dukani_Mza: IFree ni 0, IUse% ni 100.

Bi_Seva: Basi ugonjwa ndio huo, zimeisha inodi, yaani nafasi za kusajili mafaili kwenye diski. Kwenye ext4, mfumo wa kupanga mafaili ambao Ubuntu hutumia kwa kawaida, kila faili, hata liwe tupu, linakula inodi moja, na idadi yake hupangwa siku diski inapofomatiwa: kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Kwa diski yako ni kama milioni 2.6, na huongezi bila kupanua diski au kufomati upya. XFS, mfumo mwingine wa aina hiyo, yenyewe huzitengeneza kadiri zinavyohitajika. Kwa hiyo kuna folda mahali imerundika mafaili madogo madogo. Itafute:

`sudo du --inodes -x / | sort -n | tail -15`

Dukani_Mza: Ukiacha folda mama, inayoongoza ni `/var/www/mauzo/sesheni`. Milioni mbili na ushee, yote yanaanza na `sess_`. Nimepiga `rm sess_*` ikajibu `Argument list too long`.

Bi_Seva: Ni sesheni za PHP (lugha iliyoandikia mfumo wako), yaani mafaili ya kumkumbuka kila anayefungua mfumo. Bash, programu inayopokea amri zako, imegeuza ile nyota kuwa majina yote milioni mbili, keneli ikaukataa mzigo. Tumia find, inayafuta moja moja:

`sudo find /var/www/mauzo/sesheni -type f -name 'sess_*' -mmin +1440 -delete`

Anza bila `-delete`, malizia na `| head`, ujiridhishe inagusa nini. Yaliyoandikwa ndani ya saa 24 yatabaki. Itachukua muda, usiikatize.

Dukani_Mza: IMEWAKA! Inodi zimeshuka hadi asilimia 9, MariaDB imewaka tena na mauzo ya jana yote yapo. Mungu akubariki sana dada. Ila kwa nini yalikuwa hayajifuti?

MzeeWaDebian: Hapo nikusaidie kijana wangu. Debian na Ubuntu huweka `session.gc_probability` kuwa 0, yaani PHP haifagii yenyewe. Kazi hiyo hupewa `phpsessionclean.timer`, inayopita kila nusu saa, lakini husoma njia ya folda iliyoandikwa kwenye php.ini (faili la mipangilio ya PHP) tu. Nahisi fundi wako aliihamishia kwingine kwenye pool ya php-fpm (mipangilio ya huduma inayoendesha PHP), ufagio ukawa haufiki. Hakikisha:

`grep -r save_path /etc/php/*/fpm/pool.d/`

Ukiikuta humo, irudishe `/var/lib/php/sessions` kisha uwashe upya php-fpm. Wauzaji watalazimika kuingia tena kwenye mfumo, kwa hiyo fanya baada ya kufunga duka. Angalia pia logi ya wavuti: roboti wa mtandaoni asiyetunza kuki, ile alama ya kumtambua mgeni, hufunguliwa sesheni mpya kila anapobisha, na huenda milioni zako nyingi zimetoka huko. Wateja wa dawa hawafiki idadi hiyo.

Dukani_Mza: Nimeikuta kwenye `www.conf`, kama ulivyosema mzee. Nairudisha leo usiku.

MzeeWaDebian: Vyema. Na kama una skripti ya kukutumia taarifa diski ikikaribia kujaa, iongezee na `df -i`. Nyingi huangalia `df -h` peke yake.