Mjadala: Wazazi wakiachana, je, sheria imkabidhi mtoto mzazi mmoja peke yake?

MTOA HOJA

Naomba tujadili jambo ambalo kwetu huzungumzwa sana kwenye vikao vya ukoo na kwenye mabenchi ya nje ya mahakama za mwanzo, lakini mara chache hujadiliwa kama suala la sheria. Wazazi wakishaachana, je, ni haki sheria imkabidhi mtoto mzazi mmoja, na yule mwingine abaki hana la kudai? Nitaanzia Japani, kwa kuwa ni nchi tajiri iliyoushikilia utaratibu huo kwa muda mrefu na kuubadilisha miaka ya karibuni tu, tena kwa mabishano makali.

Kifungu cha 819 cha Sheria ya Kiraia ya Japani kiliwataka wanandoa wanaoachana kwa makubaliano wamtaje mmoja wao kuwa mwenye mamlaka juu ya mtoto, na hakikuacha nafasi ya kuwataja wote wawili. Talaka nyingi nchini humo, takriban tisa katika kila kumi, hupatikana bila kesi: mume na mke hujaza fomu, ambayo kwa kawaida huchapwa kwa wino wa kijani, mashahidi wawili watu wazima huweka saini, na fomu hupelekwa dirishani katika ofisi ya manispaa. Katika fomu hiyo palikuwa na sehemu mbili za kujaza majina ya watoto, moja ya watakaokuwa chini ya mamlaka ya mume na nyingine ya watakaokuwa chini ya mamlaka ya mke. Kila mtoto aliandikwa upande mmoja tu. Kulikuwa pia na mahali pa kuweka alama kuonyesha kama wazazi wameelewana kuhusu matunzo na kuhusu kuonana na mtoto, lakini fomu ilipokelewa hata kama hawakuelewana lolote. Karani wa dirishani simlaumu, maana sheria haikumpa swali la kuuliza.

Utafiti wa serikali yao wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika familia zinazoongozwa na mama pekee, ni kama asilimia 30 tu ambako mtoto aliendelea kuonana na baba yake, na ni kama asilimia 28 tu zilizokuwa zikipokea matunzo kutoka kwake. Nimeziweka tarakimu hizi pamoja kwa makusudi. Wengi wetu tumezoea kuyaona mambo haya mawili kama madai yanayopingana, baba akidai kumwona mtoto na mama akidai fedha, ilhali kule Japani yote mawili yamekufa kwa pamoja chini ya sheria moja iliyomfanya mzazi mmoja kuwa mgeni katika maisha ya mtoto wake.

Kuna jambo zito zaidi. Pale ambapo wazazi hawakuelewana na shauri likafika mahakama ya familia, majaji walipendelea kutomhamisha mtoto mahali alipokwisha kuzoea. Ukilitazama peke yake ni wazo la busara, lakini likiunganishwa na sheria inayompa mmoja kila kitu, lilimzawadia yeyote aliyetangulia kuondoka na mtoto. Shauri moja la Matsudo, katika mkoa wa Chiba, linaonyesha hivyo waziwazi. Mama alihama mwaka 2010 akiwa na binti wa miaka miwili. Mwezi Machi 2016 mahakama ya familia ilimpa baba mamlaka, kwa sababu aliahidi kwamba mtoto angekutana na mama yake kama siku 100 kwa mwaka, wakati mama alikuwa tayari kuruhusu mara moja tu kwa mwezi. Wengi walidhani mlango umefunguka. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Tokyo ikautengua uamuzi huo, ikisema kwamba ukubwa wa ahadi ya kuonana si kigezo kinachopita vingine vyote, na kwamba mtoto ameishi vyema na mama yake kwa miaka yote hiyo. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaliacha jambo lilivyo. Sisemi kwamba yule mama alistahili kunyang'anywa binti yake. Ninachosema ni kwamba sheria iliwalazimisha majaji kuchagua mtu mmoja wa kupata na mwingine wa kukosa, wakati kilichohitajika kilikuwa ratiba.

Wako watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya wanaume. Historia haiwaungi mkono. Chini ya sheria ya mwaka 1898, mtoto wa Kijapani alikuwa wa nyumba ya baba, na mwanamke aliyeachwa aliondoka mikono mitupu. Mabadiliko ya mwaka 1947 yaliwapa wazazi mamlaka sawa ndani ya ndoa, lakini yakaacha kanuni ya mmoja tu baada ya talaka. Ni kuanzia miaka ya 1960 ndipo akina mama walipoanza kuwa wengi miongoni mwa wanaopewa watoto, na sasa ni zaidi ya nane katika kila kumi. Kwa hiyo kanuni ileile imewaumiza wanawake kwanza, kisha wanaume, na watoto nyakati zote.

Shinikizo lilitoka ndani na nje. Mwaka 2019 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa iliishauri Japani iruhusu malezi ya pamoja, Julai 2020 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulaani watoto kuchukuliwa na mzazi mmoja, na Julai 2021, wakati wa michezo ya Olimpiki, baba mmoja Mfaransa aligoma kula karibu na uwanja mkuu wa Tokyo. Mei 2024 bunge la Japani lilipitisha marekebisho, yakapangiwa kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2026. Chini ya marekebisho hayo wazazi wanaweza kukubaliana mamlaka yawe ya wote au ya mmoja, wasipoelewana mahakama huamua, na penye hatari ya ukatili mahakama hulazimika kumpa mmoja tu.

Hoja yangu, basi, ni hii: haki ya kumwona mtoto itenganishwe kabisa na swali la nani anaishi naye, na ihesabiwe kuwa haki ya mtoto mwenyewe. Hapa Tanzania maandishi yapo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatanguliza ustawi wa mtoto, na kinadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu cha 126 kinairuhusu mahakama kuamuru mtoto amtembelee mzazi asiyeishi naye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inakwenda mbali zaidi na kusema kuwa mtoto ambaye wazazi wake wameachana ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila anapotaka, mradi masomo yake yasivurugike. Hata hivyo, nani asiyemjua mzazi anayesimama nje ya geti la shule saa ya kutoka ili angalau amwone mwanawe akivuka barabara? Naomba michango yenu.

MCHANGIAJI WA KWANZA (mtoa msaada wa kisheria, Mwanza)

Ndugu mtoa hoja, nakushukuru kwa mada, lakini umelipita mbio jambo ambalo mimi hukutana nalo mezani kwangu. Umelitaja katika nusu ya sentensi: "penye hatari ya ukatili". Januari 2017, huko Nagasaki, mwanamke aliuawa na aliyekuwa mume wake alipompeleka mtoto akaonane na baba yake. Ndiyo maana marekebisho unayoyasifu yalipingwa na watu zaidi ya 200,000 waliotia saini zao, wengi wakiwa na hofu ya kufungwa maisha yote na mtu waliyemkimbia. Mamlaka ya pamoja maana yake ni kwamba kwenye uamuzi mkubwa, kama wa kuhamisha shule au kufanyiwa upasuaji usio wa dharura, huyo mtu lazima aulizwe. Anayetaka kutesa hahitaji ngumi, kwa kuwa kukataa kutia saini kunamtosha.

Mahakama ya familia inaambiwa ipime hatari. Itaipimaje, wakati wanawake wengi hawakwenda polisi, hawakujaziwa PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, na majirani hawataki kuja kutoa ushahidi? Ukatili wa maneno na wa kunyimwa fedha hauachi kovu la kuonyesha. Mahakama ikikosea kwa kumnyima baba mwema nafasi ya kumwona mtoto, kosa hilo linaweza kusahihishwa mwezi ujao, ila likikosewa lile jingine hakuna mwezi ujao.

Na kuhusu kwetu, kaka yangu, naomba usitupeleke Tokyo tukasahau vijijini. Mama anayepoteza watoto hapa mara nyingi hakuwahi kufika mahakamani. Ndoa ikivunjika, wazee wa upande wa mume wanasema mahari ilitolewa na watoto ni wa ukoo, watoto wanachukuliwa kwenda kwa bibi yao mzaa baba, baba mwenyewe anarudi mjini kwenye kazi zake, na mama akienda kuwasalimia anaambiwa anawavuruga. Hakuna hakimu aliyempa yeyote mamlaka hayo. Sheria nzuri unazozinukuu hazikumfikia.

MCHANGIAJI WA PILI (Mombasa)

Ndugu zangu, nitasema machache. Nawasikia mkibishana kana kwamba njia ni mbili tu, mzazi mmoja apewe yote au wote wawili wapewe yote. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, tuliyolelewa nayo, na inayotumika katika mahakama zetu za kadhi, mambo haya yamegawanywa tangu zamani. Hadhana, yaani kumlea mtoto mdogo na kuishi naye, kwa asili ni ya mama, nafaqa, yaani gharama za matunzo, ni wajibu wa baba, na baba anabaki kuwa walii, yaani msimamizi wa mtoto kisheria. Hakuna anayeondoka na mtoto mzima mkononi. Najua utekelezaji una kasoro zake, na wako akina baba wanaoukumbuka uwalii siku ya harusi ya binti tu. Lakini hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mgawanyo huo unaweza kumpunguzia dada yangu wa Mwanza wasiwasi wake kuhusu saini, kwa maana kila upande ungekuwa na mambo yake usiyohitaji kuyaombea ruhusa.

MTOA HOJA

Dada yangu wa Mwanza, nakubaliana nawe kwamba hatari ya ukatili si jambo la nusu sentensi, na kwamba makosa hayo mawili hayana uzito sawa. Tunapotofautiana ni kwenye dawa. Utaratibu wa mzazi mmoja haukumlinda yule mwanamke wa Nagasaki. Alikuwa ameshaachana na mumewe chini ya sheria ya zamani, na bado alimpeleka mtoto yeye mwenyewe, bila mtu wa tatu kuwapo. Kilichokosekana hapo ni mahali salama pa kumkabidhi mtoto na mtu wa kusimamia. Mahakama za familia za Japani zina vyumba vyenye midoli na kioo cha upande mmoja, ambamo mzazi hukaa na mtoto huku ofisa wa mahakama akiwatazama kabla hakimu hajaamua. Chumba cha namna hiyo kinaeleza mengi ambayo jirani anaogopa kuyasema. Sisi tuna maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri, na wengi wanaifanya kazi hii hata sasa, wakiwakutanisha wazazi ofisini kwao katikati ya mafaili, huku mtoto akikalishwa kwenye kiti cha mgeni. Hapo ndipo fedha zinapotakiwa kwenda.

Kuhusu saini, naafiki mgawanyo wa ndugu yetu wa Mombasa kuliko ninavyoafiki malezi ya pamoja kwa kila jambo. Marekebisho ya Japani yenyewe yanamruhusu mzazi mmoja kuamua peke yake mambo ya kila siku na ya dharura, ila mpaka kati ya jambo la kila siku na jambo kubwa haukuchorwa vizuri, na mawakili watautumia mwanya huo.

Hoja ya ukoo na mahari ndiyo iliyonigusa zaidi, na naona inaunga mkono niliyoyasema. Wazee wale wanatumia kanuni ileile ya Japani bila kuiandika: mtoto ana upande mmoja. Mama huyo hahitaji kushinda shauri la nani akae na watoto, ambalo litachukua miaka na kumgharimu nauli asizonazo. Anahitaji kuweza kwenda Mahakama ya Watoto na ombi fupi, akisema kwamba watoto wake wana haki ya kumwona, na kuondoka na amri inayotekelezeka.

Hapo kwenye kutekelezeka naomba nimalizie. Machi 2013 Mahakama ya Juu ya Japani ilikubali kwamba mzazi anayezuia mtoto asionane na mwenzake anaweza kutozwa fedha kwa kila mara anapozuia, lakini kwa sharti kwamba amri iwe imetaja bayana siku, muda na namna ya kumkabidhi mtoto. Amri isiyotaja hayo haikaziwi. Sasa zitazameni hukumu zetu. Nyingi huishia na maneno kwamba mdaiwa "aruhusiwe kumwona mtoto kwa nyakati zinazofaa". Zinazofaa kwa nani? Mzazi aliyekasirika atasema leo mtoto anaumwa, kesho ana tuisheni, Jumapili wako kanisani, na hakuna hata kimoja anachoweza kushtakiwa nacho. Laiti amri hiyohiyo ingesema Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mtoto akabidhiwe katika ofisi ya mtendaji wa kata, na mwenye kushindwa atoe taarifa siku mbili kabla. Hakuna kifungu kipya kinachohitajika kwa hilo, kwa sababu kifungu cha 126 kinamtosha hakimu, na wakili au mtoa msaada wa kisheria anaweza kuyaandika maneno hayo kwenye ombi lake kuanzia shauri linalofuata.