Ameniuzia chuma cha kupuliza rangi kwa jina la shaba, halafu anasema tatizo ni UKUTA WANGU

Kibatari (mleta uzi):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Katoka mlangoni sasa hivi, hata vumbi la drili halijatulia.

Yule jamaa wa taa za shaba. Simtaji, hakuna haja, mnamjua wote. Yule wa "kila taa naigonga kwa mkono wangu mwenyewe". Yule ambaye ukimuuliza kazi itaisha lini anatazama dari kwanza, halafu anakwambia "shaba haiharakishwi". Huyo huyo.

Nilimuagiza taa mbili za ukutani, za brasi (ile shaba ya njano), za kugonga kwa nyundo, zikae pande mbili za kioo cha sebuleni. Kila kitu pale ndani ni cheupe na kimetulia, nikataka kitu kimoja chenye rangi ya moto. Basi. Nimesubiri mpaka zile nyaya zilizochungulia ukutani wageni wamezizoea, wengine wanatundikia funguo.

Leo kaja. Kafunga. Taa ya kushoto imeinama. Haihitaji kipimo, mtu akipita barabarani anaiona. Nikamwambia fundi, hii imeinama. Akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho moja, akainamisha kichwa upande ule ule ilikoinamia taa, akasema:

"Dada yangu, taa haina tatizo. Tatizo ni ukuta wako."

UKUTA WANGU. Ukuta nimeukuta umesimama, nitauacha umesimama, haujawahi kugombana na mtu.

Nikanyamaza, nikachukua kitambaa chenye maji nifute alama za vidole vyake. Dhahabu yote ikahamia kwenye kitambaa! Chini yake kijivu. Nikaenda jikoni, nikabandua sumaku kwenye friji, nikaisogeza kwenye mkono wa taa. TA! Imekamata mpaka kuing'oa ni kazi. Nikamgeukia. Mnajua alisema nini?

"Ukuta wako una unyevu, dada. Ndio unaharibu shaba."

Ukuta tena! Taa imefungwa haijamaliza hata nusu saa, ukuta umeshageuza shaba kuwa chuma. Ukuta wangu una miujiza kumbe, na mimi nimekaa nao humu ndani bila habari.

Na zile alama za nyundo alizokuwa anajitapa nazo? Ziweke taa mbili sambamba uangalie. Kibonyeo kwa kibonyeo, kile kirefu karibu na skrubu kipo zote mbili, mahali pale pale, kama fotokopi. Huo ndio mkono wake mwenyewe.

Lakini hayo yote ningemeza. Kisichomezeka ni kile kichwa kuinama na lile jicho moja. "Tatizo ni ukuta wako." Kwangu. Mbele ya mama mkwe.

Komeo:

Nakaa siti ya mbele. Endelea mleta uzi.

Pazia Jekundu:

Nimejua ni nani kabla sijamaliza mstari wa pili. "Shaba haiharakishwi" 😂😂 Pole sana dada.

Mzee wa Pimamaji:

Punguza povu kwanza. Swali moja tu: ukuta umeupima? Plasta nyingi zina tumbo. Ukifunga taa yenye sahani bapa mgongoni juu ya plasta yenye tumbo, lazima icheze. Huenda jamaa kasema kweli.

Kibatari:

Mzee wangu, shikamoo, lakini usinianze. Taa ya kulia imefungwa kwenye ukuta huo huo na imenyooka. Tumbo limechagua upande?

Mzee wa Pimamaji:

Marahaba. Tumbo huwa lina upande, ndiyo.

Tupa na Msasa:

Mimi ni mtu wa kazi hizi, niseme kidogo. Sumaku haikamati brasi. Brasi ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki, na hapo hamna chuma cha kuvutwa. Ila mwangalie vizuri hiyo sumaku ilikamata wapi. Kile kipande cha ndani kinachoshika ukutani mara nyingi huwa ni chuma hata kwenye taa nzuri, hakionekani, hakina ubaya. Kikikamata pale si kosa.

Kibatari:

Imekamata mkononi. Mbele. Kwenye sahani ya mbele. Kwenye kikombe cha balbu. Imekamata kila mahali, ilibaki kumkamata yeye.

Tupa na Msasa:

Basi ni chuma kilichopuliziwa rangi, hamna mjadala. Na wengine mjue: sumaku isipokamata haina maana umepona. Alumini haikamatwi, na zile taa za kumimina za zinki hazikamatwi. Geuza taa, tafuta mahali pasipoonekana, kwaruza kidogo kwa tupa. Brasi ni ya njano mpaka ndani. Ukikuta nyeupe au kijivu, umepakwa. Na iweke mkononi usikie: brasi ni nzito, kwa ujazo ule ule inazidi alumini zaidi ya mara tatu.

Kuhusu kusubiri, hapo simlaumu. Karatasi ya brasi ukiigonga inakakamaa, ukilazimisha inapasuka. Unairudisha motoni ilainike, unagonga tena, motoni tena. Kazi ya kweli inachukua muda wake.

Kibatari:

Kwa hiyo "shaba haiharakishwi" ni kweli?? Unamtetea?

Tupa na Msasa:

Shaba haiharakishwi, ndiyo. Ila yeye hakuwa na shaba.

Komeo:

😂😂😂 Mpeni huyu kiti.

Chokaa:

Mtu unajiita Kibatari halafu unataka shaba ya kugonga. Ungetundika jina lako.

Kibatari:

Chokaa nimekuona. Nikimaliza na yule nakuja kwako.

Waya Mbili:

Samahani, naomba nirudi nyuma. Umesema wageni wanatundika funguo kwenye NYAYA?

Kibatari:

Umeme ulizimwa kwenye swichi kubwa na nyaya zimefungwa tepu. Usinitoe kwenye mada. Mada ni mtu kunitazama kwa jicho moja na kuniambia ukuta wangu ndio tatizo.

Waya Mbili:

Sawa. Ila fungua hiyo taa uniambie zimeingia nyaya ngapi. Taa ya chuma au ya brasi lazima iwe na waya wa erthi, ule wa kijani na njano, umefungwa kwenye mwili wa taa. Waya wa moto ukichomoka ndani ukagusa mwili, erthi inaupeleka ardhini na umeme unakatika. Bila hiyo, anayekuja kufuta vumbi ndiye anakuwa erthi. Isipokuwa kama taa ina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Hiyo imetengwa mara mbili, haihitaji.

Kibatari:

Nimefungua. Nyaya mbili. Alama hakuna ya miraba wala ya msalaba. Ule wa kijani na njano kaukunja akausukumia ndani ya UKUTA. Ukuta ule ule mbaya!

Waya Mbili:

Zima kabisa na usiziguse mpaka aje fundi umeme wa maana. Sitanii. Hiyo rangi kutoka ni hasara, hiyo ya erthi ni msiba.

Kibatari:

Nimezima. Sebule giza. Naandikia kwa mwanga wa simu na ukuta hata siuoni, lakini sauti yake naisikia bado. "Tatizo ni ukuta wako, dada yangu." Dada yangu! Ndugu wa wapi anauzia ndugu yake bati la rangi?

Kitasa Kimoja:

Afadhali wewe umeuziwa bati likakaa ukutani. Mimi alinitengenezea vitasa vya mlango. "Brasi tupu." Sikatai, vyangu ni brasi, nimepima kwa sumaku. Shida hakupaka vanishi. Kila anayeshika mlango anaacha jasho, sasa vimekuwa rangi ya kahawia yenye madoa. Nikampigia simu. Akasema tatizo ni MIKONO YETU.

Pazia Jekundu:

Mungu wangu. Ukuta, sasa mikono.

Tupa na Msasa:

Kitasa, hiyo ni brasi inapumua tu. Hewa, unyevu na jasho vinaibadilisha rangi, hata ya bei mbaya inafanya hivyo. Wako watu wanaitafuta rangi hiyo. Huipendi, sugua kwa limau na chumvi, suuza vizuri, kausha, halafu paka vanishi ya chuma. Usitumie dawa yenye amonia, inaweza kuipasua polepole.

Kitasa Kimoja:

Asante, lakini sijaomba dawa. Nimekuja kulalamika.

Chokaa:

Haya, tuzungumze ukweli. Taa za shaba zenyewe zimezidi sasa. Kila sebule nyeupe, kila ukuta taa ya dhahabu, na kila mwenye nyumba anadhani kabuni yeye.

Kibatari:

Chokaa, hujui hata umesimama wapi. Nuru ya brasi iliyogongwa hailali bapa ukutani, inavunjika kwenye vile vibonyeo na ukuta unakuwa na uhai. Nilikuwa nimeziona kwenye nyumba ya mtu, ndipo nikatamani. Nilitaka kitu ambacho mkono wa mtu umepita. Ndiyo maana inauma. Angesema tu "nina za kiwandani zilizopakwa", ningechagua mwenyewe.

Uzi Mweupe:

Hapo umenigusa. Mimi nimeacha kuagiza chochote cha "mkono". Kikapu cha mkono, kimetoka kiwandani. Zulia la mkono, lina lebo ya mashine nyuma, hata hawakuikata.

Pazia Jekundu:

Zulia! Subiri niwaambie la pazia. Fundi kaja, kapima dirisha, kaandika, kaondoka. Pazia limekuja linaishia kwenye magoti. Nikamuuliza. Akasema dirisha "limeshuka". Dirisha limeshuka!

Mzee wa Pimamaji:

Dirisha linaweza kushuka, msingi ukikaa.

Pazia Jekundu:

Mzee tafadhali.

Komeo:

Mzee leo yuko upande wa mafundi wote duniani 😂

Jipya Kabisa:

Habari wakuu, mimi nina swali. Taa za ukutani zifungwe urefu gani toka chini? Na balbu ya rangi gani? Nimeweka nyeupe kali, shaba yangu inaonekana kama inaumwa.

Waya Mbili:

Wengi hufunga kati ya mita 1.5 na 1.7 toka sakafuni, ili balbu isikuchome macho ukisimama wala ukikaa. Balbu tafuta ya mwanga wa njano, iliyoandikwa 2700K, au 3000K. Hiyo yako bila shaka ni 6500K, ndiyo inayoifanya shaba ipauke.

Jipya Kabisa:

Ubarikiwe mkuu. Kweli imeandikwa 6500.

Kibatari:

Jamani. Kanipigia sasa hivi. Nimepokea nikidhani anaomba radhi. Anasema atakuja kesho KUUTAZAMA UKUTA. Hajataja taa. Hajataja rangi, hajataja erthi. Anakuja na mtu wa plasta!! Na huyo wa plasta nimlipe mimi!

Uzi Mweupe:

Pazia, kwani fundi wako ndiye yule mwenye futi ya kitambaa iliyokatika mwanzoni? Anaanzia kwenye namba tano?

Pazia Jekundu:

HUYO HUYO. Na wewe alikupimia?

Uzi Mweupe:

Magodoro ya viti vya sebuleni. Yote yamepwaya. Nafungua uzi wake, njooni huko.

Kitasa Kimoja:

Nakuja. Weka na picha.