Naomba ushauri: tasnifu yangu kuhusu makazi na ubaguzi Marekani ikomee mwaka gani?

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu makazi nchini Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorejea dhamana ya mikopo ya nyumba, lakini Levittown, New York, kitongoji kilichoanza kujengwa mwaka 1947, mikataba ya awali ilikataza nyumba kukaliwa na wasio weupe, isipokuwa watumishi wa ndani (kipengele hicho pekee kinasema mengi). Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama zisitekeleze masharti ya namna hiyo, ila ubaguzi uliendelea. Je, nikomee kwenye Sheria ya Makazi ya 1968, iliyopiga marufuku ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, kama anavyopendelea msimamizi wangu, au nifuatilie athari za ubaguzi huo katika urithi wa mali kwa kizazi kilichofuata?