Kiswahili cha Maskati: tuwarithishe watoto, au tukiache kiishe na wazee?

Mtoa hoja, Maskati

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaleta swali ambalo limezungumzwa sana barazani na majumbani mwetu, lakini kwa nusu nusu na kwa sauti ya chini: sisi Waomani ambao wazee wetu waliishi Zanzibar, tuna wajibu wa kuwarithisha watoto wetu Kiswahili, au hiyo ilikuwa lugha ya safarini tu, na sasa tumekwishafika tuitue pamoja na mizigo? Msimamo wangu ni kwamba tuwafundishe, tena tuwafundishe kuisoma na kuiandika, si kuisikia tu.

Kwa vijana wasioijua habari yenyewe, nitaieleza kwa ufupi. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombania urithi hadi mwaka 1861, pale Lord Canning, aliyeitawala India kwa niaba ya Uingereza, alipoamua kwamba Zanzibar na Maskati ziwe dola mbili na Zanzibar iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Dola ziligawanyika, lakini familia hazikugawanyika. Watu wa Sharqiya na Dakhiliya, mikoa ya Oman, waliendelea kushuka na kaskazi, wakaoa, wakalima mikarafuu, na wajukuu wao wakazaliwa na Kiswahili kinywani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 wengi waliondoka, na kwa kuwa Oman ya Sultan Said bin Taimur haikuwa imewafungulia mlango, wakatawanyika Mombasa, Dubai, Cairo na Kuwait, hadi Sultan Qaboos aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Sisi tulifika mwaka 1974. Tuliambiwa tumerudi, ingawa nyumbani kwetu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuikanyaga ardhi hiyo.

Nchi iliyokuwa na shule tatu tu za kisasa iliwahitaji watu waliosoma, kwa hiyo ndugu zetu waliojua Kiingereza waliingia kwenye mafuta, benki, hospitali na wizara. Lakini mlango wa uraia ulikuwa jina la kabila na ushahidi wa shekhe wake, na huko mitaani tuliitwa Zinjibari, neno ambalo laweza kuwa la kawaida au la kudharau, kutegemea anayelitamka. Mdogo wangu alirudi siku moja kutoka shule akilia kwa sababu ameomba maji kwa Kiswahili na darasa zima likamcheka. Jioni ile baba akapiga marufuku Kiswahili kwenye sinia. Sikumlaumu wakati ule, na sina haki ya kumlaumu leo, kwani alikuwa akimlinda mwanawe kwa njia pekee aliyoiona.

Matokeo ya marufuku ile ninayo mkononi. Tumerithi bunda la barua ambazo baba yake babu, akiwa shambani Pemba, alimwandikia dada yake wa Unguja. Zimeandikwa kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Wajukuu zangu wanazisoma herufi zote bila ya kukwama, kwa sauti nzuri kabisa, na hawaelewi hata sentensi moja.

Mchangiaji wa kwanza, Sohar

Kaka yangu, nimekusoma kwa heshima, lakini sikubaliani nawe. Mtoto wa Kiomani tayari amebeba Kiarabu cha nyumbani, Kiarabu fasihi cha shuleni na Kiingereza cha kutafutia kazi. Sheria ya msingi ya nchi inaitambua lugha rasmi moja, na hapa wapo pia Wabaluchi, Walawati, Wamehri na Wakumzari, kila mmoja na lugha yake. Tukifungua mlango huu, tutaufunga wapi? Isitoshe, mnazungumza kana kwamba Uarabu wa Zanzibar uliishi kwa Kiswahili peke yake. Abu Muslim al-Bahlani, mshairi ambaye Waomani wote wanajivunia, aliishi Zanzibar na akafia huko mwaka 1920. Ni huko alikoanzisha gazeti la al-Najah mwaka 1911, na mashairi yake yaliyobaki vinywani mwa watu ni ya Kiarabu. Mimi nimetumia miaka 30 kuthibitisha kwamba mimi ni Mwomani kama wengine, na sioni kwa nini mwanangu aanze upya.

Mchangiaji wa pili, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Nimefanya kazi za ndani Maskati kwa miaka minne, katika nyumba ya watu wenye asili ya Zanzibar, na walinichagua kwa sababu ninajua Kiswahili. Pasipoti yangu alikaa nayo mwajiri. Watoto wa nyumba ile hawakukosa Kiswahili kabisa, kama mnavyofikiri. Walijua lete, ondoa, pika, haraka. Hawakujua naomba, hawakujua shikamoo, na hawakujua pole, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba maneno hayo yanamhusu mtu kama mimi. Bibi yao peke yake ndiye aliyekaa nami jikoni tukazungumza kama watu, akaniuliza habari za mama yangu na mashamba ya kwetu. Kwa hiyo ninawauliza: mnataka kuwarithisha lugha ipi, ya bibi au ile ya lete na ondoa?

Mtoa hoja anajibu

Ndugu yangu wa Sohar, siiombi wizara iweke Kiswahili kwenye mtaala. Ninazungumzia saa mbili za Ijumaa alasiri nyumbani kwa mtu. Tena mfano wako wa Wabaluchi unanisaidia zaidi kuliko unavyokusaidia wewe, kwa sababu hakuna anayewataka wasahau Kibaluchi ili wakamilike Uomani wao. Ni sisi tu tulioamini kwamba tunapaswa kulipa bei hiyo, na tuliilipa kabla hatujadaiwa.

Binti yangu wa Tanga, wewe umenigusa pale ambapo sikuwa nimejitazama. Hata nyumbani kwangu Kiswahili kilibaki jikoni, na sikujiuliza kilikuwa kinawafundisha nini wanangu juu ya mtu wanayesema naye. Na jambo hili lina mizizi mirefu kuliko ajira za leo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa ukaondolewa uhalali wake Zanzibar mwaka 1897, na hapa Oman ukapigwa marufuku mwaka 1970 tu, mwaka uleule tulioitwa turudi. Wapo wasemaji wa Kiswahili katika nchi hii ambao wazee wao hawakumiliki mkarafuu hata mmoja, waliuchuma.

Katika barua moja kati ya zile nilizozitaja, baba yake babu anamhesabia dada yake mavuno ya msimu kwa frasila, kisha anaorodhesha waliochuma. Jamaa zake anawataja kwa majina matatu, fulani bin fulani bin fulani. Wengine anawataja kwa jina moja moja tu, bila ya baba. Nimeisoma barua ile mara nyingi mbele ya wajukuu, na kila nikifika hapo nimekuwa nikiruka. Ijumaa hii nitawasomea mistari ile kwanza, neno kwa neno, mpaka wenyewe waulize kwa nini watu wale hawana baba.