Tupeane uzoefu: mtu akiua wenzake kazini, sisi wenye simu mkononi tunafanya nini?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila mfanyakazi wa Marekani akiingia kazini kwao na bunduki, mitandaoni mambo hufuata njia ile ile. Kwanza watu huuliza wamekufa wangapi. Kabla maiti hazijatambuliwa, swali limeshahama: ni nani huyo? Rangi gani, dini gani, chama gani? Kila upande unaomba Mungu asiwe wa kwao. Picha yake inaletwa, jirani anahojiwa, anasema alikuwa mtu mpole asiye na neno na mtu. Siku ya tatu muuaji ana jina, sura na historia. Waliokufa wamebaki idadi.

Naomba waliowahi kuyaona haya kwa karibu waseme: wa vyumba vya habari, wa ofisi za utumishi, wa ulinzi, au yeyote aliyefanya kazi na mtu wa kutia hofu. Hawa jamaa wanatafuta kiki, au wana hasira tu na kiki tunawapa sisi?

Naanza mimi. Tarehe 26 Agosti 2015 nilikuwa napitisha macho kwenye simu, video ikaanza kucheza yenyewe. Mkono umeshika bastola, mbele yake mwandishi wa kike anahoji mtu, mpiga picha anahangaika na kamera yake. Hakuna aliyemwona. Nilizima kabla ya mlio. Kilichonikaa kichwani ni kwamba yule jamaa alisubiri. Aliwahi kuwa mwandishi wa kituo hicho hicho cha televisheni huko Virginia, wakamfukuza mwaka 2013, kwa hiyo alijua saa gani wenzake wako hewani na kamera inaelekea wapi. Aliua wawili, akapandisha video yake Twitter na Facebook, akatuma kituo cha ABC faksi ya kurasa 23. Mtu anakimbia polisi huku anashughulika na vyombo vya habari! Tangu siku hiyo nikisikia "alipandwa na hasira tu" huwa nashindwa kukubali moja kwa moja.

Karibuni.

Mzee wa Dawati

Umenigusa penyewe, mkuu. Nimekaa miaka mingi dawati la habari za kimataifa na nitasema kilichokuwa kinatokea mezani, si kwenye semina.

Mei 31, 2019, mhandisi wa manispaa ya Virginia Beach aliandika barua pepe ya kuacha kazi, na siku hiyo hiyo akaua watu 12 pale alipokuwa akifanyia kazi. Sisi tunapanga ukurasa wa kimataifa, nafasi ya picha ipo wazi, safu tatu. Picha zilizoingia mwanzo ni magari ya polisi. Baadaye ikaja ya muuaji, imetulia, inatazama mbele, imekatwa vizuri, imekaa kama imepigwa kwa ajili ya safu tatu. Za waliokufa bado. Kijana wa usanifu akaiweka bila kuuliza, maana ndiyo iliyokuwepo. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi: mara nyingi hakuna mhariri mwenye pembe anayempenda muuaji. Kuna tundu kwenye ukurasa, muda unakimbia, na picha yake ndiyo imefika.

Siku iliyofuata mkuu wa polisi wa pale, James Cervera, alitamka jina la muuaji mara moja tu na kusema hatalirudia. Kisha manispaa ikawaonyesha waliokufa mmoja mmoja, sura zao, vyeo vyao, miaka waliyotumikia. Tukabishana mezani mpaka mhariri akaamua: jina liingie aya ya sita, picha itoke, tusubiri za marehemu hata kama toleo la kwanza litatoka na ramani ya jengo. Ilikuwa ramani mbaya, naikumbuka. Hakuna msomaji hata mmoja aliyepiga simu kulalamika kwamba hakuiona sura ya muuaji.

Kuhusu kiki: Louisville, Kentucky, Septemba 1989, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapishaji aliyekuwa likizo ya ugonjwa aliingia akaua wenzake 8. Nyumbani kwake polisi walikuta jarida la Time, na humo kuna habari ya mtu mwingine aliyeua watoto shuleni California mapema mwaka ule. Aprili 10, 2023, mji huo huo wa Louisville, mfanyakazi wa benki akaua wenzake 5 huku akirusha moja kwa moja Instagram. Wa kwanza alikuwa msomaji wa habari ya mwenzake. Wa pili akawa kituo cha matangazo mwenyewe.

Sikubaliani Kamwe

Hizi za kiki ni porojo za waandishi wanaojiona muhimu. Yule wa kiwandani 1989 alikuwa na ugomvi na wakubwa zake miaka na miaka. Kiki haifyatui risasi. Bunduki inafyatua.

Mzee wa Dawati

Ugomvi ulikuwepo, sikatai, na bunduki ilikuwepo. Wenye ugomvi na mabosi ni mamilioni, na Marekani wenye bunduki pia ni mamilioni. Mimi nauliza kwa nini mmoja kati yao anaona mauaji ya hadharani ndiyo njia ya kumaliza. Ameitoa wapi hiyo picha?

Dada wa Utumishi

Naomba niingie hapo kati yenu, kwa sababu mnazungumzia siku ya tukio na mimi kazi yangu iko kabla.

Niko ofisi ya utumishi, kampuni siitaji. Tulikuwa na fundi mmoja wa zamu za usiku, hodari, hana utani. Akapishana na msimamizi wake kuhusu malipo ya saa za ziada. Aliandika malalamiko kwa mkono, karatasi za mistari, akiorodhesha tarehe na saa, na kila karatasi aliitia sahihi chini kama hati ya mahakamani. Zikakaa kwenye faili. Hakuna aliyemjibu, hata kumwambia hapana. Siku moja kantini akawaambia wenzake: "Mtanisoma kwenye magazeti." Meza nzima ikacheka. Mmoja tu hakucheka, mama wa usafi, akaja kuniambia.

Wakuu, sentensi ile nimeitafakari sana. Hakusema nitamuua fulani. Alisema mtanisoma. Mtu ambaye karatasi zake hazisomwi na yeyote anaahidi kusomwa na wote. Kwa hiyo ndugu yangu Sikubaliani, kinyongo na kiki siyo vitu viwili vinavyoshindana. Kinyongo kinakaa muda mrefu bila hakimu, mwisho kinatafuta hadhira iwe hakimu.

Tulichofanya hakina ushujaa. Nilimwita mchana, mlango wazi, tukapitia karatasi zake moja baada ya nyingine na kalamu. Sehemu alikuwa na haki, akalipwa. Sehemu hakuwa nayo, nikamweleza. Msimamizi alihamishwa zamu. Yeye akapelekwa kwa daktari kwa idhini yake. Hakukuwa na habari ya kuandika, na sijui kama angefanya lolote. Siyo kazi yangu kujua.

Ila nililinganisha na Aurora, Illinois. Februari 15, 2019, kampuni ya Henry Pratt ilimwita mfanyakazi kumwachisha kazi, akatoa bastola kwenye kikao. Wenzake 5 wakafa, polisi 5 wakapigwa risasi wakapona. Uchunguzi wa waendesha mashtaka ulionyesha asubuhi ile ile alimwambia mwenzake kwamba akifukuzwa ataua kila mtu. Mwenzake hakuripoti, maana jamaa alizoea kutoa kauli za ajabu. Wataalamu wanasema wengi wa wauaji hawa huvujisha nia yao kabla. Wanataka kusikika hata kabla ya kuua, na ule mlango ndio pekee ninaoweza kuushika mimi.

Sikubaliani Kamwe

Hapo kwenye hakimu na hadhira umenipata, dada. Narudisha nusu ya maneno yangu.

Ghalani

Niko Marekani, nafanya kazi ghala. Sisi tunafanyishwa zoezi: kimbia, jifiche, ikishindikana pambana. Video ya mafunzo ina mwigizaji anaingia na bunduki, muziki wa kutisha, kama sinema. Baada ya zoezi wenzangu hawaongelei mlango wa dharura uko wapi. Wanaongelea nani kati yetu angekuja na bunduki! Wanachagua kwa kucheka. Na aliyechaguliwa siku zote ni yule yule asiyekula na watu. Nikimwangalia anavyojichekesha naye, najisikia vibaya.

Utani huu ni wa zamani hapa. Tangu mfanyakazi wa posta aue wenzake 14 kule Edmond, Oklahoma, Agosti 20, 1986, na matukio mengine ya posta yakafuata, watu wa posta walifanywa kichekesho nchi nzima. Mwaka 2000 tume iliyochunguza ikakuta hawana ukatili kuliko wafanyakazi wengine. Utani haujaisha.

Kitabu Wazi

Mambo siyo mapya. Mwaka 356 KK mtu alichoma hekalu la Artemi kule Efeso ili jina lake lijulikane. Wakuu wa mji wakapiga marufuku kulitaja. Mwanahistoria mmoja akaliandika. Anaitwa Herostratus na unaweza kumsoma leo, kwa hiyo marufuku ilifeli, kwaheri.

Mzee wa Dawati

Haikufeli kama unavyodhani. Hata wale wazazi walioanzisha kampeni ya No Notoriety (yaani muuaji asipewe umaarufu), baada ya kijana wao kuuawa kwenye ukumbi wa sinema Aurora ya Colorado mwaka 2012, hawakusema jina lifutwe duniani. Wanasema litajwe linapohitajika, mfano mtu bado anatafutwa, lisiwe kichwa cha habari, na maandiko yake yasichapishwe kama yalivyo. Mahakama inalihitaji jina, mtafiti analihitaji. Kijana aliyekaa chumbani anatafuta wa kumuiga hahitaji picha yake ya safu tatu.

Mchujaji

Nilitaka nisome kimya, ila acha niseme.

Nilifanya kazi ya kuchuja video mitandaoni. Machi 15, 2019, Christchurch, New Zealand, muuaji wa misikitini alirusha mauaji moja kwa moja. Watu 51 walikufa. Sikiliza hesabu iliyotolewa na Facebook wenyewe: waliotazama wakati inarushwa hawakufika 200. Katika saa 24 za kwanza wakaondoa nakala milioni 1.5. Sasa niambieni ni nani aliyempa hadhira.

Nakala hizo siyo za mashabiki wake peke yao. Nilizoea kuona klipu za mauaji zimegeuzwa kushoto kulia, zimekatwa pembeni, zimerekodiwa kutoka kwenye skrini ya simu nyingine mpaka kidole cha mtu kinaonekana. Juu yake maandishi: "Inasikitisha sana. Kama una roho nyepesi usiangalie." Mtu analia na huku anasambaza. Hao ndio waliokuwa wagumu kuwachuja, kwa sababu wakifutiwa wanaandika malalamiko kwa dhati kabisa: mimi nililaani, kwa nini mnanifungia?

Kwa kazi ile, mtu anayelaani na anayesifu wanabonyeza kitufe kile kile.

Mama Zamu

Nauliza la vitendo. Klipu ikiingia kwenye grupu la kazini, na aliyeituma ni mkubwa wako, unafanyaje bila kuonekana unajifanya mtakatifu?

Dada wa Utumishi

Mpigie pembeni, usimjibu hadharani. Mwambie kuna mtu humu anaweza kuwa na ndugu pale. Mara nyingi mkubwa hufuta mwenyewe kabla hujakata simu.

Mleta mada

Mimi kwa wenzangu wa rika huandika tu: "Futa, ndugu zake nao wana simu." Wengi hufuta. Mmoja alinuna akalefti. Admin akamrudisha baada ya wiki, akaingia kwa salamu nzuri na klipu ya ajali ya lori.